Mwaka Niliopaka Rangi Gari la Baba Mdogo

Tulimzika Baba Mdogo Venansi mwisho wa shamba lake la migomba hapa Nyamiaga, na ilipofika alasiri wageni wakaanza kutawanyika, wenye pikipiki kwanza, wa miguu baadaye. Mimi nilikuwa jikoni. Kila msiba na kila harusi ya nyumba hii mimi huwa jikoni, si kwa sababu ni mchapakazi, ila jikoni kuna kigoda changu, na mlango wa nyuma unatokea kwangu kwa hatua zisizozidi sitini. Ndugu zangu wametapakaa hadi nchi ambazo hata redio haizitaji. Mimi nimefika Mwanza mara mbili maishani, na mara zote mbili nilirudi kabla ya siku niliyoaga. Basi nikiwa nasugua sufuria, akaingia Mama Mdogo Eufrasia, mjane wa marehemu, akaketi juu ya gunia la maharage, akafungua pindo la kitenge chake na kunipa kitu kilichoviringishwa katika kitambaa. "Chukua, Domitila. Hiki chako. Alikuwa anakilaza chini ya godoro, eti kikipotea utatudai." Nikafungua. Kilikuwa kipande cha pembe la ng'ombe, urefu wa kiganja, kimefanywa bapa kama mwiko mdogo, ncha yake imelika upande mmoja. Ndani ya mistari ya pembe mlikuwa na rangi ya kijani. Miaka zaidi ya arobaini imepita, na kijani kile bado kinanitazama. "Nilidhani mlishakitupa," nikasema. "Tukitupe?" akasema Mama Mdogo. "Hiki ndicho kilichonitolea mahari." Tukacheka, halafu tukakumbuka tuko msibani, tukafunika midomo.

Habari za ukoo, nani alimzaa nani na kwa nini nililelewa na Bibi, nitaziruka. Kwetu ukianza hizo hufiki mchana. Itoshe kwamba kiangazi kile cha kabla ya vita ya Kagera nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikawa naishi na Bibi yangu na mwanawe wa mwisho, huyo Baba Mdogo Venansi. Nilikuwa nasubiri barua ya kazi, na kila Jumapili nilimwomba Mungu ichelewe. Niliogopa kupangiwa mbali. Mbali, kwa hesabu zangu, palianzia Biharamulo. Baba Mdogo aliniita Fomu Foo, hasa pale niliposhindwa kuwasha moto. "Fomu Foo, hicho kitabu chenu hakikuonyesha kuni mbichi na kuni kavu?" Sukari wakati ule ilikuja kijijini kama askofu, mara moja kwa mwaka na kwa matangazo, kwa hiyo asubuhi tulikunywa uji wa mtama na chumvi, mchana ndizi na maharage, jioni maharage na ndizi, na Bibi alikuwa akiuliza kwa upole kama tumechoka ili abadilishe, ya jioni tule mchana.

Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi. Banda la nyuma ndilo lilikuwa la bati, maana ndani ya banda lile kulikuwa na gari. Si lori, si landrova. Lilikuwa gari la mashindano, jekundu, fupi, lililolala chini hata kuku alikuwa anaruka juu ya boneti bila kujikunja. Lilikuwa na viti viwili tu, paa la turubai la kukunja, rimu za spoki kama baiskeli, na taa mbili za mbele zilizotokeza kama macho ya mtu aliyeambiwa habari mbaya. Daktari wa misheni, Mzungu mwembamba aliyelileta kutoka Ulaya, alilipenda kuliko chakula. Baba Mdogo alikuwa fundi wake kwa miaka kumi. Yule daktari alipoondoka nchini aliandika barua, akatia sahihi, akamwachia fundi wake gari kama ahsante. Nadhani alijua kwamba kulipeleka popote ni gharama. Baba Mdogo alipewa ahsante isiyoweza kubeba hata mkungu wa ndizi. Petroli ikawa ya shida, na gari likawa linatoka mara mbili kwa mwaka, Pasaka na Krismasi, linakwenda kanisani na kurudi. Siku nyingine zote alilifuta. Alinunua nta ya nyuki kwa warina asali wa Biharamulo, akaiyeyusha na mafuta kidogo, akalipaka, akalisugua kwa kitambaa cha fulana mpaka likang'aa, wiki baada ya wiki, miaka yote ile. Kila kifaa alichobadilisha, hata skrubu, cha zamani alikitunza ndani ya sanduku la mbao, kimefungwa gazeti na kuandikwa jina.

Alikuwa na miaka arobaini na hakuwa na mke. Vijana wa kijiji walimtania barabarani: "Venansi, kiti kimoja chako, cha pili unambebea nani, Roho Mtakatifu?" Mpaka alipoitwa Biharamulo kutengeneza pampu ya maji, akarudi anapiga mluzi. Huko alikutana na mwalimu wa elimu ya watu wazima, Eufrasia, binti wa Nyantakara, mrefu, mwenye sauti ya kuita darasa zima kwa mara moja. Wazee wetu wakapeleka jembe. Kwetu uchumba unafungwa kwa jembe jipya: ukilipokea binti ana mwenyewe, ukilirudisha hana. Likapokelewa. Lakini baba yake, Mzee Masumbuko, akataja ng'ombe wanane, na sisi tulikuwa na mbuzi mmoja ambaye naye alikuwa na kikohozi.

Mzee Masumbuko alikuwa mkaguzi wa ng'ombe. Si kwa cheo, kwa sifa. Watu wa Biharamulo hawakununua dume mnadani kabla yeye hajalizunguka. Kwa desturi angetuma mtu aje kuangalia mali ya mkwe, lakini hakumwamini mtu yeyote kukagua, akaja mwenyewe, mfupi, mkavu, kofia imemfunika hadi kwenye nyusi. Bibi alimkalisha sebuleni, kwenye kiti chenye kitambaa cha kudarizi, akamwekea rubisi, pombe yetu ya ndizi, na sahani ya maharage yaliyokaangwa kwa samli ya kuazima. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia, nasikiliza, kazi niliyoiweza kuliko zote.

"Ng'ombe wako wapi, mwanangu?"

"Shikamoo tena, mzee. Ng'ombe sina. Nina gari."

"Gari linazaa?"

"Halizai, mzee. Ila nikilipatia mtu anayelijua, litatoa hao wanane."

Mzee akamaliza maharage yote kwanza. Halafu akasema, "Haya, nionyeshe."

Nikawafuata mpaka banda la nyuma. Sijawahi kuona kitu kikikaguliwa vile. Alilizunguka mara tatu bila kusema. Akainama kutazama magurudumu, kwato hizo. Akaomba boneti ifunguliwe, akachungulia kama anayehesabu meno. Akagonga ubavu kwa kidole, akasikiliza. Halafu akauliza, "Mama yake nani?" Nilidhani ni mzaha, nikacheka peke yangu. Baba Mdogo hakucheka. Alitoa mkebe wa biskuti, na ndani yake barua ya daktari, kadi ya gari, na kijitabu chenye kila safari na kila mafuta yaliyobadilishwa. Mzee hakujua kusoma, lakini alikifungua karatasi kwa karatasi, akaurudisha mkebe kwa mikono miwili. "Hii ndiyo ya maana," akasema. "Mnyama namjua kwa alikotoka. Ngozi yake imepauka pale begani, lakini ni ngozi yake. Mnadani nikikuta ng'ombe kapakwa samli akang'aa, mimi napita. Najiuliza kinafichwa nini." Akatoa muda: mpaka maharage ya vuli yavunwe. Baada ya hapo, kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa huko kwao mwenye zizi lililojaa, na alikuwa haombi muda.

Maneno yale ya samli niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, umbali wa mkono. Ningeyashika, hadithi hii isingekuwepo.

Baba Mdogo akaandika barua Mwanza, kwa Bwana Hirji, fundi mkuu wa kiwanda kimoja cha pamba, ambaye daktari alimtaja kuwa ana ugonjwa wa magari ya namna ile. Miaka ile mtu hakujitangaza kuwa anakusanya magari ya anasa. Bwana Hirji aliyaficha chini ya marobota. Akajibu kwamba anakuja na pikapu mpaka Biharamulo, apokelewe hapo. Baba Mdogo akaondoka kumpokea, siku mbili kwenda na kurudi, akaniambia, "Fomu Foo, funika gari, fungua mtu asiingie kuku, basi." Aliposema vile nilikuwa bado nimelala nusu, na hata yeye alikuwa na haraka hakuona alichosema. Nikafunga.

Sasa mnielewe. Miaka ile mgeni wa maana akija, tulipaka rangi. Akija mkuu wa wilaya, mawe ya barabarani yanapakwa chokaa. Akija mgeni wa chama, mlango wa ofisi ya kijiji unapakwa. Niliwahi kuona wakipaka chokaa mti, na mbuzi aliyeegemea mti ule akaenda nyumbani nusu mweupe. Kwa hiyo Bibi aliposimama mlangoni mwa banda, akatazama lile bega lililopauka, akasema, "Mgeni anatoka Mwanza yote, tumwonyeshe kitu kimebabuka hivi?" mimi sikuona kosa. Niliona upendo. Ofisi ya kijiji ilikuwa na debe la rangi ya kijani lililobaki, na katibu, aliyewahi kunifundisha darasa la pili, alinipa bila kuuliza. Brashi ilikuwa ya katani. Nilipaka siku nzima. Nilipaka milango, boneti, buti, nilipaka bampa zilizokuwa ziking'aa kama kijiko, nikapaka na ile nembo ya mbele kwa sababu ilikuwa ndogo na rangi ilikuwa bado ipo. Bibi alileta uji, akalizunguka, akasema, "Sasa linafanana na kitu." Jioni nilikula ndizi zangu nikiwa na kijani mpaka kwenye nyusi, na katika maisha yangu sijawahi kuwa na furaha kamili kama ile.

Walifika kesho yake saa tano. Baba Mdogo aliingia bandani kwanza, akasimama. Nilikuwa nyuma yake nimejiandaa kupokea sifa. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Mpaka spoki?" Nikasema, "Spoki ziliningojea mwisho." Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alifungua mlango wa gari kwa kidole kimoja, akaingia, akakaa nyuma ya usukani akatazama mbele, kama anaendesha mahali ambapo sisi hatupaoni.

Bwana Hirji alikuwa mnene, mpole, na shati lenye mifuko minne. Alipoingia alisema tu, "Oh, Bwana Venansi," kama mtu anayetoa pole. Lakini kazi aliifanya. Akalala chini na tochi na kioo kidogo, akasoma namba ya chasisi, akasoma namba ya injini, akalinganisha na kadi. Akatoa sumaku ndogo iliyofungwa katika leso, akaipitisha polepole ubavuni, iking'ang'ania chuma, na akatueleza, mimi hasa, maana ndiye niliyekuwa nalia: pale ambapo sumaku haishiki pamejazwa puti, panafichwa tundu la kutu. Sumaku ilishika kila mahali. Akafungua sanduku la skrubu za zamani, akatikisa kichwa kwa heshima. Ndipo akasema, "Binti, usilie, nisikilize. Magari haya nchini nayajua matatu. Moja limewekwa injini ya teksi. La pili limepakwa rangi na kupigwa msasa mpaka chuma. Hili ndilo lilikuwa na rangi yake ya kiwandani. Mtu wa kawaida ananunua gari jipya. Mtu kama mimi ananunua lisiloguswa. Jana, ningelitoa bei ya ng'ombe wanane na ndama. Leo, watatu. Na watatu ni kwa sababu ya sanduku hili."

Bibi, aliyekuwa mlangoni, akakaa chini pale pale.

Kisha Bwana Hirji, kwa mazoea tu nadhani, akakwaruza ukingo wa mlango kwa ukucha. Kipande cha kijani, ukubwa wa mbegu ya mahindi, kikadondoka. Chini yake palikuwa pekundu, pameng'aa, bila alama. Akakwaruza tena. Kikadondoka kingine. "Ulilipaka nini humu, Bwana Venansi?" "Nta," akajibu Baba Mdogo kutoka ndani ya gari. "Nta ya nyuki. Kila wiki." Bwana Hirji akacheka mpaka mifuko yote minne ikatikisika. Rangi yangu haikushika, ilikuwa imekaa juu ya miaka ya nta kama mgeni ambaye hajavua viatu. "Inabanduka," akasema. "Lakini kwa mkono. Si thina, itakula nyekundu. Si msasa. Si kisu. Mafuta ya taa kidogo, maji ya moto, subira. Nyekundu ikitoka nzima, bei yangu ya jana inarudi. Nikikuta mikwaruzo, narudi kwa watatu. Nakuja baada ya vuli." Akanitazama. "Nani atabandua?" Na mimi, ambaye sikuwahi kujitolea kwa lolote, hata kuimba, nikanyoosha mkono kama darasani.

Alipoondoka hazikupita wiki nyingi redio ikatangaza kwamba nduli ameingia, ng'ambo ya Mto Kagera imechukuliwa na daraja limevunjwa. Kijiji chetu kilikuwa mbali na mizinga, lakini vita ilikuja kwa njia nyingine: petroli ikaisha kabisa, mabasi na malori ya watu yakachukuliwa kubeba wanajeshi. Afisa mmoja akapita nyumba kwa nyumba kuorodhesha magari. Akafunguliwa banda, akalitazama letu, nusu kijani nusu jekundu, viti viwili. "Hili libebe nini," akauliza, "birika la chai?" Hakuliandika. Akamwandika mwenyewe. Walihitaji mafundi. Baba Mdogo aliondoka baada ya siku tatu na begi la spana, na tangu siku ya rangi tulikuwa hatujaongea vizuri, yeye kwa uchungu, mimi kwa aibu. Asubuhi ile alipita bandani nilikokuwa. Akasema, "Anza na boneti. Wanaangalia boneti kwanza." Akasimama kidogo. "Na kula, Fomu Foo. Umekuwa kama spoki." Akaenda.

Basi hivyo ndivyo nilivyopigana vita ya Kagera: nikiwa nimekaa kwenye kigoda, bandani, na kikopo cha mafuta ya taa. Wenzangu wa darasa walijiandikisha mgambo, walibeba risasi, mmoja hakurudi, na siandiki habari zangu kando ya zake ila kwa haya. Mimi nilisugua. Nilianza na gunzi la mahindi, likawa laini mno. Nikajaribu wembe mara moja, nikaacha mkwaruzo katika ile nyekundu uliochuruzika moyoni mwangu mpaka leo. Nikabaki na kucha. Siku njema niliondoa eneo la ukubwa wa sahani. Redio ya Bibi ilikuwa dirishani, inataja sehemu zilizokombolewa, na Bibi alikuwa anauliza baada ya kila taarifa, "Wamesema Venansi?" "Hawamsemi mtu mmoja mmoja, Bibi." "Basi wamesema nini saa nzima?" Maharage ya vuli yakakomaa. Tukayavuna. Tukayapiga, tukayapepeta, na hakuna aliyetaja kwamba muda umekwisha.

Mzee Masumbuko alikuja wiki mbili baada ya hapo, kwa miguu sehemu kubwa ya njia kwa sababu ya mabasi kukosekana. Nilimwona kwa mbali akiingia kwa Bibi na kifurushi kirefu kilichofungwa gunia, akakisimamisha pembeni. Baadaye nilimuuliza Bibi ni nini kile. "Mwavuli wake," akasema. Walikaa ndani kidogo tu. Kisha nikasikia kikohozi mlangoni mwa banda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mkwe wangu yuko wapi?"

"Yuko vitani, mzee, anatengeneza malori."

"Na wewe unafanya nini na hilo?"

"Nabandua rangi."

"Nani aliipaka?"

"Mimi."

"Na anayebandua?"

"Mimi, mzee."

"Basi wewe hutakosa kazi maisha yako yote," akasema. Akachuchumaa. Akatazama kucha zangu, mbili zilikuwa zimeng'oka nusu na nimezifunga vitambaa. Akatazama boneti, ambayo ilikuwa imetoka nyekundu yote, na ule mkwaruzo wa wembe. Akaugusa. "Chuma juu ya ngozi," akasema kwa hasira ya kweli, kana kwamba nimempiga ndama. "Kitu cha ngozi unatumia kitu cha ng'ombe. Mama! Mama mwenye nyumba! Una pembe?"

Bibi alikuwa na pembe lake la kuumikia watu migongo. Lilikuwa la mama yake. Alilileta mwenyewe. "Mgongo utaniuma mpaka gari liuzwe," akasema, akampa. Mzee akalichemsha katika sufuria yetu ya maharage asubuhi nzima, na harufu yake ikakaa katika chakula chetu mpaka Pasaka. Lilipolainika akalipasua kwa panga, akalibana kati ya mawe mawili mpaka likapoa bapa, akanoa ncha kwa jiwe la mtoni, akajaribu juu ya shavu lake mwenyewe. Kisha akaketi upande wa kushoto wa gari, mimi na kipande kingine upande wa kulia, tukasugua. Pembe lilipita chini ya kijani kama kisu cha siagi na halikugusa chini. Alikaa siku mbili. Alilala kitandani kwa Baba Mdogo, alikula vibaya kwa kuwa hakupenda ndizi zetu na alisema hivyo, alisimulia habari za madume aliyoyajua kwa majina. Hakutaja ng'ombe wanane. Mimi, nikimwogopa, sikutaja chochote. Siku ya tatu akavaa kofia, akachukua kifurushi chake, akaniachia pembe. "Mkwe wangu akiandika," akasema, "mwambieni maharage ya masika nayo ni maharage."

Baba Mdogo alirudi baada ya masika, amekonda, na tabia mpya ya kukaa mgongo ukutani. Hakutaka kusimulia na hatukumwuliza. Bibi alimpa maziwa mgando, akayanywa yote amesimama, akaenda bandani. Nilikuwa nimemaliza mwezi mmoja kabla, nikawa nalipaka nta kila wiki kwa sababu sikujua kazi nyingine. Aliliona. Alilizunguka mara tatu bila kusema, na hapo nikajua amejifunza kwa nani. Halafu akapiga magoti mbele ya spoki. "Moja moja?" akauliza. "Moja moja, Baba Mdogo." Akaweka paji la uso juu ya tairi, akabaki hivyo, mabega yakitikisika, na mimi nikatoka nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Bwana Hirji, ambaye vita ilimchelewesha, alikuja na sumaku yake na tochi yake. Alitafuta kwa saa mbili. Akaona mkwaruzo wa wembe, akauliza, nikasema ni wangu, akasema mmoja anausamehe. Akaona kijani kidogo nyuma ya kibao cha namba, mahali ambapo uvivu wangu ulinishinda, akacheka: "Hapa napunguza kwato moja." Akatoa bei ya wanane na ndama, bila kwato. Siku ya kuliondoa Baba Mdogo alimwonyesha jinsi ya kuliwasha likiwa na baridi, wapi pa kubonyeza, wapi pa kubembeleza, akampa kopo la nta. Likateremka polepole kuelekea barabara ya Biharamulo. Baba Mdogo alilifuata kwa miguu mpaka kona, kama watu wanavyosindikiza mgeni, akarudi mikono nyuma. Mwezi wa nane alioa.

Barua yangu ya kazi ilikuja mwaka huo huo. Nilipangiwa mbali. Nikaijibu kwa heshima kwamba nimeshapata. Nilifungua cherehani hapa hapa, na nusu ya kazi zangu miaka yote imekuwa kufumua nguo zilizoshonwa vibaya na mafundi wenye haraka. Watu huniletea kwa sababu sichani kitambaa. Mzee Masumbuko aliona mbali.

Haya ndiyo niliyokuwa nikiyakumbuka juu ya kigoda, pembe mkononi, Mama Mdogo akinitazama. "Unajua Baba yangu alikujia nini kwenu wakati ule wa vita?" akaniuliza. Nikasema alikuja kumwona mkwe wake. "Kifurushi chake kilikuwa nini?" "Mwavuli." Akatikisa kichwa. "Jembe, Domitila. Jembe lenu la uchumba. Alikuja kulirudisha. Yule mwenye zizi alikuwa ameshaleta dume la kwanza, nilishalia nikamaliza. Baba alilisimamisha kwa Bibi yako, akafungua mdomo aseme. Bibi yako, ndiye aliyenisimulia, akaliona mpini, akajua. Akamwambia, 'Baba, umetoka mbali, kabla hujasema la kwako nenda kwanza banda la nyuma ukamwone mtoto, halafu urudi useme.' Baba hakurudi kusema. Alifika nyumbani Nyantakara na jembe lile lile, akalitundika ukutani, akamwambia mama, 'Nyumba ile siwezi kuirudishia kitu.' Basi. Hakueleza tena mpaka akafa."

Huko nje walikuwa wanakusanya viti vya kuazima. Nilijikuta nimeingiza ukucha kwenye mstari wa pembe, naanza kukwangua kile kijani, polepole, kama nilivyozoea. Mama Mdogo akanipiga kofi mkononi.

"Hapo usibandue," akasema.

Nikaacha.